Beji ya Monita wa Maji

Habari kwamba binti yangu angerudia darasa la saba zilinikuta kwenye cherehani, mdomo umejaa pini. Aliniletea mwenyewe. Alisimama kwenye veranda ya duka, sweta ya shule ameifunga kiunoni, akaniambia mwalimu wa hesabu amesema wale wa chini wasirudi Januari kama wa darasa la nane. Warudi kama wa saba, kwa sababu mwaka ujao shule inataka wastani mzuri. Kisha akaniuliza kama kuna chai.

Nikatema pini mkononi. Sikumjibu kuhusu chai.

Kurudia si jambo la ajabu huku kwetu Makueni. Shule hufanya hivyo ili watoto dhaifu wasifike kwa mtihani wa mwisho wakaivuta chini. Sasa niulize mimi ni watoto gani hurudia. Nimekaa miaka mingi kwenye veranda hiyo Sultan Hamud nikishona yunifomu za shule hiyo, na watoto wake ninawajua kwa viuno. Wale ninaowakatia nguo mpya kila Januari hawarudii. Wanaorudia ni wale ninaowatilia kiraka juu ya kiraka, wale ninaoshusha pindo la sketi mpaka hakuna pindo tena. Na msichana akirudia la saba, kifua kimeshamtoka, akakalishwa dawati moja na watoto wanaocheza kibe, huyo hamalizi. Muhula wa kwanza anakuja, wa pili anakuja mara moja moja, wa tatu unasikia analea mtoto wa mtu Machakos, au ameshika wake mwenyewe.

Kwa hivyo nilijua ninachopigania. Januari mtoto wangu aingie darasa la nane pamoja na wenzake. Basi. Sikuwa na haja na kitu kingine.

Kilichonikasirisha ni kwamba mtoto mwenyewe si mjinga. Kiswahili alikuwa anapasi. Sayansi alikuwa anapasi. Ukimtuma sokoni anakuletea chenji sawa, na akikwambia muuza nyanya amejaribu kumpunja, ujue amejaribu kweli. Lakini hesabu ya shule ilikuwa inamwangusha kila muhula, na inaangusha na yale mengine yote. Mwalimu alisema hana kichwa cha hesabu. Mama mkwe wangu akasema hiyo imetoka kwa ukoo wetu, watu wa Kitui hawajui kuhesabu ila mbuzi. Baba yake, ambaye ni mlinzi huko Mombasa na huja nyumbani Krismasi, alisema kama hawezi, hawezi, si ajifunze kushona kama mama yake.

Kama mimi. Hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Mimi habari ya kichwa ninaijua, kwa sababu kichwa changu kiliwahi kukaa nyumba mbili. Nilizaliwa huko Ikutha, Kitui, kwa watu wa mbuzi, na miaka yangu ya kwanza ya shule nilikuwa mtoto wa mkia. Asubuhi nilikuwa natoa mbuzi kwanza, nafika darasani wengine wamejaza ubao, nasinzia, napigwa. Mwalimu wetu alikuwa akisema niko kama dawati, tofauti ni kwamba dawati haliombi ruhusa. Watoto walicheka na mimi nilicheka. Halafu shangazi yangu aliyeolewa na mtu wa duka Kabati akaomba apewe msichana wa kumshikia mtoto. Nikapelekwa mimi. Nyumba ya shangazi ilikuwa na mabati, mabati yalikuwa na mifereji, na mifereji ilimimina maji kwenye tangi pale nyuma ya jikoni. Kulikuwa na meza. Kulikuwa na taa yenye mwanga wa kusomea. Uji ulikuwepo kabla ya shule, si baada. Mwaka haukuisha nikawa mtoto wa mbele darasani, na mwalimu wa huko Kabati akawaambia wengine waige bidii yangu.

Bidii gani? Nilikuwa nafanya kazi kidogo kuliko Ikutha. Nilikuwa nimelala tu, nimekula, na nimeketi darasani kengele ikilia. Ndugu yangu niliyemwacha kwa mbuzi alikuwa na akili kunishinda, na nisibishiwe hapo, ni mimi nilikuwa nikinakili kwake. Leo anachunga ng'ombe za watu. Mimi nilifika kidato cha nne, kwenye shule ya harambee isiyokuwa na maabara, ambayo haikunipeleka mbali zaidi ya cherehani hii. Lakini nilifika. Kwa hivyo mtu akiniambia mtoto fulani hana kichwa, huwa nauliza kwanza hicho kichwa kinalala wapi na kinaamkia wapi.

Na bado hii ya binti yangu ilinipita karibu miaka mitatu mbele ya macho yangu. Ngoja niseme ilivyokuwa.

Shule yetu haina maji. Kila mtoto huja asubuhi na mtungi mdogo. Maji hayo yana daraja, kama watu. Watoto wa nyumba za mabati huja na maji ya tangi, meupe, na hayo humiminwa kwenye pipa la ofisi ya walimu, ya kupikia chai. Watoto wa nyumba za nyasi, kama sisi, huja na maji ya mtoni. Nikisema mto msifikirie maji yanapita. Ni mchanga. Unachimba shimo, unangoja, unachota kwa kata, unangoja tena. Kiangazi kikikaza, yanayotoka yana rangi ya chai tayari, kwa hivyo walimu hawayataki kwenye chai. Hayo hunyunyizwa sakafuni kuzuia vumbi na funza, na mengine hupewa miche ya miti ambayo kila mwaka hupandwa palepale.

Yote haya nilikuwa nayajua. Ni mimi niliyekuwa nikimfunga mtoto mtungi mgongoni.

Alipokuwa darasa la tano alikuja nyumbani mbio akaniambia amechaguliwa monita wa maji. Shule nzima. Hedmasta alimwita mbele ya paredi akasema huyu ni msichana mwaminifu na mwenye nguvu. Nilifurahi, kwani uongo? Kwa ukoo wetu hakuna mtu aliyewahi kuitwa mbele ya watu ila kwa makosa. Nilichukua kitambaa chekundu kilichobaki kwenye sketi ya mtu, nikakata beji, nikatarizi neno MAJI kwa uzi wa manjano, herufi zimenyooka, nikaishona kwenye sweta upande wa moyo. Jumapili alivaa sweta hiyo kanisani, kwenye joto. Wamama waliishika shika. Mmoja aliniita mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, akasema, "Mwaitu, huyu wako atakuwa chifu." Nami nilikuwa nimeelewa kwamba monita anasimama langoni, anaangalia mitungi ikimiminwa, anaandika majina ya wasioleta, halafu anaingia darasani kama wengine.

Sasa nirudi kwa ile wiki ya habari mbaya. Jumamosi nilikuwa verandani nikimaliza gauni la harusi la mtu. Mwenye duka na mkewe ni watu waliotoka Kiambu zamani, wakaja kufanya biashara hapa barabarani. Mkewe sote tunamwita Mama wa Duka, na mtoto wao wa kike alikuwa darasa moja na wangu. Yeye anaingia la nane, hakuna wasiwasi. Wasichana hawa wanapendana. Walikuwa wameketi kwenye gunia la maharagwe, wa duka akimwonyesha wangu hesabu za desimali, namna ya kugawanya. Wangu alikuwa anatazama kama anatazama gari moshi likipita.

Nikasimamisha cherehani. Nikamuuliza hii hawakufunzwa?

"Tulifunzwa," akasema wa duka, bila ubaya wowote. "Lakini yeye hiyo hakuwa. Hesabu ikifunzwa yeye huwa kwa bomba."

"Bomba gani?"

Wakaangaliana. Ndipo nikaelezwa, na wa duka ndiye aliyeeleza zaidi, kwa sababu wangu alikuwa ameanza kuchora chora mavumbi na kidole cha mguu. Baada ya paredi, monita wa maji hupima pipa la walimu. Halijai. Halijawahi kujaa, kwa sababu watoto wa matangi ni wachache na wao ndio hubeba vichupa vidogo. Basi monita huchukua wale walioleta maji machafu, eti kwa kuwa hawakuchangia chai, na wanaenda na mkokoteni mpaka kwa bomba la huko stesheni. Wanapanga laini. Bomba lenyewe linatoa maji kama kamasi. Wanarudi chai ikikaribia. Na hesabu, kwa sababu ni somo gumu na eti kichwa cha asubuhi ndicho kizuri, hufunzwa asubuhi, mara tu baada ya paredi.

Wale wengine hubadilishana, leo huyu, kesho yule. Monita habadilishwi. Monita ana cheo.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu anipe beji," akasema binti yangu. Alimaanisha hedmasta na cheo chake, lakini macho yake yalikuwa kwa sweta iliyotundikwa kwenye msumari wa veranda, na beji niliyoishona mimi.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema monita hupewa chai ya walimu. Yenye maziwa. Na wakati mwingine ukoko wa mkate.

Mama wa Duka alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha kupimia mchele, akisikiliza. Akaniambia, "Fundi, mimi hiyo sikujua. Sisi tulidhani ni cheo." Nilijua anasema kweli. Hata hiyo ilinikasirisha. Mtu wa kumkasirikia anapokosekana, hasira inakurudia mwenyewe. Nilichukua wembe ninaofumulia nguo, nikamwambia mtoto aniletee sweta, nikafumua beji palepale, uzi kwa uzi. Nilikuwa nimeishona kwa mishono ya kurudia ili isitoke. Ilinichukua muda.

Jumatatu nilivaa nguo ya kanisa nikaenda kwa hedmasta. Alinikaribisha vizuri. Ni mtu mpole, siwezi kumsingizia. Mezani kulikuwa na kikombe cha chai inayofuka moshi.

"Karibu kiti, mama."

"Mimi hukaa siku nzima kwenye cherehani, mwalimu. Acha nisimame."

Akaanza kunisifia mtoto. Mtiifu, mwaminifu, shule haijapata monita kama yeye. Taabu ni hesabu tu, na akirudia darasa atapata msingi. Msingi, msingi, alilisema hilo neno kama mtu anayeuza saruji. Nikamwacha amalize. Kisha nikamuuliza hesabu hufunzwa saa ngapi. Akageuka kutazama ile ratiba iliyobandikwa ukutani, ingawa ameiandika mwenyewe.

"Asubuhi," akasema. "Kichwa kikiwa bado kipya."

"Na kichwa cha mtoto wangu asubuhi huwa wapi?"

Nje watoto wa darasa la kwanza walikuwa wakiimba herufi. Akaniambia hiyo ni huduma, watoto wote huleta maji.

"Wote huleta," nikamwambia. "Wanaorudishwa kwa bomba ni wa nani?"

Hapo ndipo alipoanza hadithi yake. Aliniambia yeye pia ni mtoto wa nyasi, amezaliwa huko mbali zaidi ya kwetu, amechota maji mtoni na kuyabeba mpaka shingo ikawa fupi, hakuwa na viatu mpaka akaenda chuo cha ualimu. Na ona leo. Maji hayakumzuia. Kazi hujenga mtoto. Aliongea vizuri, na nafikiri huwa anawaambia watoto hivyohivyo kwenye paredi, nao wanapiga makofi.

Nikamuuliza, "Ulikuwa unayabeba kabla ya kengele ama baada?"

Akashika kikombe, hakunywa, akakirudisha. Nilimwona akifikiria. Nilimwona akikumbuka. Nami nikatoa ile beji kwenye leso niliyofungia, nikaiweka mezani karibu na kikombe.

"Hiyo chai, mwalimu, ni hesabu ya mtoto wangu. Mmekuwa mkiinywa tangu darasa la tano. Na leo mnasema hana kichwa."

Sikupiga kelele. Watu wa soko walisema baadaye nilipiga kelele mpaka barabarani, lakini sikupiga.

Alichonipa si kitu kikubwa. Alisema hawezi kumpandisha tu hivihivi, kamati itauliza, na wazazi wa wale wengine wanaorudia watauliza. Hapo nilimwambia waulize, ingekuwa vizuri waulize. Tukakubaliana mtoto afanye jaribio la hesabu siku ya kufungua shule Januari. Akipata nusu, anaingia la nane. Nilipofika mlangoni aliniuliza, na hakuwa anacheza, alikuwa anataka kujua: "Na maji sasa yataletwa na nani?"

Nikamwambia wenye matangi wana punda na mikokoteni. Awaulize wao.

Desemba hiyo sikuwa mama, nilikuwa mnyapara. Wakati wenzake wanaenda kwa nyanya zao kula maembe, mtoto wangu alikaa kando ya cherehani na kibao cha kuandikia cha kuazima. Desimali nilimfunza kwa tepu ya kupimia kiuno. Sehemu nilimfunza kwa vitambaa, hii nusu, hii robo, kunja tena, niambie. Kwa tepu alikuwa anaelewa haraka hata mimi nikashangaa. Lakini nikifika mahali pa kusema, sasa hii si mlifanya darasa la tano, ananijibu, "Hiyo sikuwa." Tunaenda mbele kidogo. Asilimia? "Hiyo sikuwa." Eneo la pembetatu? "Hiyo pia sikuwa." Ilikuwa kama kutia kiraka kwenye nguo ambayo kila unapoweka sindano unakuta tundu jingine. Siku moja nilimfokea, nikamwambia kwani ulikuwa duniani ama hukuwa. Akalia. Mama wa Duka akaja akamchukua, akampa soda, akaniambia mimi nitaua mtoto kwa hesabu. Msichana wake alikuja kutusaidia kila jioni, na ninamshukuru, lakini nisiwe mnafiki. Nilikuwa nikimtazama anavyojibu bila kufikiri, nikawa na uchungu naye kama ameiba kitu chetu. Hakuiba. Alikuwa tu ameketi darasani.

Januari akafanya jaribio, peke yake, ofisini kwa hedmasta. Mimi nilisimama nje karibu na ile miche iliyokauka. Alipata nusu na kidogo. Hedmasta alitoka mlangoni akasema, "Mama, aende la nane," akarudi ndani.

Mtoto alirukaruka. Mimi sikuruka. Nilikuwa nimepigana hivyo ili mtoto wangu apate kuketi pale ambapo wengine wameketi siku zote bila mtu kupigana. Na anaketi na mashimo. Wa duka analipiwa tuisheni jioni kwa mwalimu yuleyule wa hesabu, na wangu anakuja kwa tepu yangu. Mtihani ukija, karatasi haitauliza nani alikuwa kwa bomba. Wote watapewa maswali yaleyale kwa saa ileile, na watu watasema ona, ni haki.

Lakini anaingia darasani kengele ikilia. Hilo sasa liko. Asubuhi anatoka na mtungi wake wa maji machafu, anamwaga sakafuni, anaketi.

Nilidhani hadithi imeishia hapo. Wiki ya pili ya muhula nikaona mwanamke anakuja verandani, jirani yetu wa upande wa mtoni, nyumba yao nyasi kama yetu, mume ni wa kuvunja kokoto. Alikuwa anacheka peke yake njiani. Mkononi amekunja sweta ya shule, na juu yake kitambaa chekundu, kipya, amekinunua, hakukata kwenye masalio kama mimi.

"Fundi," akaniambia, "wangu amechaguliwa. Yule wa darasa la tano. Hedmasta amemwita mbele ya watu wote."

Nikamwambia aketi. Nikamweleza yote kama nilivyoyaeleza hapa, pole pole, bomba, pipa, ratiba, hesabu ya asubuhi. Nilimwambia arudishe sweta nyumbani, na aende kwa hedmasta, na kama anaogopa tutaenda wote wawili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kicheko kilimtoka usoni kidogo kidogo, na nilifikiri ameelewa.

"Sasa hiyo ni wivu, mwaitu," akasema. "Wako alivaa tukakupongeza. Wangu akipata, imekuwa kitu kibaya."

"Sikiliza, mtoto atakosa—"

"Anapewa chai," akasema. "Ya maziwa. Wewe utampa?"

Akachukua sweta yake. Ng'ambo ya barabara kuna fundi mwingine, mzee mmoja ambaye haulizi maswali. Nilimwona akivuka, akingoja lori lipite, akiweka kile kitambaa ndani ya kanga kisipate vumbi. Nilikuwa na kola ya shati mkononi nikaiacha. Haikupita muda nikasikia cherehani ya ng'ambo ikianza, ikasimama kwenye kona, ikaanza tena. Beji ina kona nne.